Saa umenunua wewe, ufunguo anao mwingine

Wauzaji wa vifaa hawachoki kusema kwamba saa ya mkono inayoungana na telefone ni maendeleo, na asiyekuwa nayo amebaki nyuma. Kabla mtu hajatoa makuta yake, inafaa ajue habari ya Pebble, moja ya saa za kwanza za aina hiyo. Ilikuwa saa nzuri. Ndiyo maana mwisho wake unafundisha kuliko mwisho wa kifaa kibovu.

Mwezi wa nne 2012, Eric Migicovsky na wenzake huko Palo Alto, Marekani, waliomba watu dola 100,000 kupitia Kickstarter ili waitengeneze. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 10, kutoka kwa watu karibu 69,000. Saa iliahidiwa kwa mwezi wa tisa mwaka huo. Za kwanza zilitumwa mwezi wa kwanza 2013. Dukani ilikuwa dola 150.

Sifa zake zisemwe bila ubahili. Kioo chake hakikuwa na rangi, lakini kilisomeka vizuri chini ya jua kali. Batri iliweza kukaa hadi siku saba. Maji ya mvua hayakuisumbua. Ilikubali telefone za Android na iPhone pia. Ujumbe ukiingia, saa ilitikisika mkononi, mtu akausoma huku telefone imebaki mfukoni. Mwaka huohuo wa 2013 Samsung ilitoa Galaxy Gear kwa dola 299, yenye kamera na rangi za kupendeza. Ilikuwa ya kuchajiwa karibu kila siku, na mwanzoni haikukubali telefone yoyote isipokuwa chache za Samsung yenyewe. Kwa mtu anayelipa franka kila anapochajisha, hakuna haja ya kuuliza ipi ilikuwa na akili.

Lakini sifa zote hizo ziliegemea telefone. Pebble haikuwa na laini yake. Iliunganishwa kwa bluetooth, umbali wa mita chache tu. Telefone ikizima, ikiibiwa au ikiachwa nyumbani, inabaki saa ya kawaida yenye kengele. Basi mwenye telefone moja na shida ya moto anaongezewa kifaa cha pili cha kuchajisha, tena kwa waya wake maalum usioingia kwenye kifaa kingine. Waya huo ukipotea njiani wakati watu wanakimbia, hakuna wa jirani atakayekuazima. Nayo batri ikichoka, fundi wa mtaani hana pa kufungulia, maana saa imegundishwa.

Wengine wanasema saa kama hii inamkinga mtu na wezi, kwa kuwa haitoi telefone hadharani. Ni kweli nusu tu. Saa inayowaka mkononi ni tangazo kwamba telefone iko karibu. Mwizi hahitaji kuonyeshwa mara mbili.

Hayo yote bado ni madogo. Kubwa lilikuja mwezi wa kumi na mbili 2016. Kampuni ya Pebble ilifungwa, na Fitbit ikanunua programu zake na ujuzi wake. Garanti ikafutwa siku hiyo. Tarehe 30 mwezi wa sita 2018 mitambo iliyohudumia saa hizo kwa njia ya intaneti ikazimwa: duka la programu zake, kuandika ujumbe kwa sauti, kujibu kupitia saa, vyote vikakatika. Saa zenyewe hazikuwa zimeharibika. Kioo kizima, batri nzima, mwenyewe amelipa yote, lakini uamuzi ulifanyika mbali naye.

Watetezi watajibu kwamba watumiaji wenyewe, kwa jina la Rebble, walijenga huduma nyingine, na kwamba mwezi wa kwanza 2025 Google, iliyokuwa imenunua Fitbit, ilifungua programu ya saa hizo kwa yeyote. Hongera kwao. Lakini waliookoa saa zao walikuwa na ujuzi, kompyuta na intaneti isiyokatika. Mama aliyehama na watoto wanne hawezi kungoja miaka nane ili kifaa chake kirudishiwe uhai.

Watasema pia kwamba kila kifaa kina siku yake ya kufa. Sawa, lakini kuna kufa na kuna kuuawa. Redio ndogo ya batri haimuulizi aliyeitengeneza ruhusa ya kusikia habari. Kiwanda chake kikifungwa leo, kesho asubuhi bado itatangaza njia ipi imefungwa na chakula kinagawiwa wapi. Kwa familia iliyohama, tofauti hiyo ni kubwa kuliko fasheni.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika batri nyingi za vifaa hivi. Si haki wakaaji wa nchi hiyo wawe watu wa kuuziwa vifaa ambavyo wengine wamekwisha kuvitupa, huku wakiambiwa washukuru.

Kwa hiyo muuzaji aulizwe maswali matatu mbele ya watu: bila telefone, saa hii inafanya nini? Inakubali telefone ya aina yoyote? Kampuni ikifungwa, itaendelea? Na wanaoleta vifaa kwa wahami kwa jina la msaada waulizwe vilevile, kabla ya picha kupigwa. Asiyekuwa na majibu arudi na saa zake. Makuta ya mnunuzi yabaki kwa unga, dawa na batri za redio.