Gamba la kobe si jiwe

Mwezi uliopita nilimtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam. Kabla sijavua viatu, binti yake wa miaka minane alinivuta mkono. "Mama mdogo, njoo umwone kobe wangu. Siku hizi hatembei."

Kobe alikuwa ndani ya beseni la plastiki karibu na dirisha. Mgongo wake ulikuwa umejaa vilima vilima, kila kigae kimechongoka kama kichuguu kidogo. Nilipomgusa gamba kwa kidole gumba, lilibonyea. Nikatoa mkono haraka. Dada akaniuliza, "Si ndivyo walivyo?"

Hapana, sivyo walivyo. Kwa kuwa wasomaji kadhaa wa ukurasa huu wamewahi kuniuliza kuhusu kobe wa watoto wao, leo tuzungumzie hilo.

Wengi wetu tunadhani gamba ni nyumba ambayo kobe ameivaa. Ukweli ni kwamba gamba ni mwili wake. Uti wa mgongo na mbavu zake vimeungana na kuwa sehemu ya gamba. Juu ya mfupa huo kuna vigae vya kitu kigumu kama kucha zetu. Chini ya vigae kuna damu na mishipa ya fahamu, kwa hiyo ukimgusa anahisi. Ndiyo maana kutoboa tundu kwenye gamba ili kumfunga kamba ni kumtoboa mfupa akiwa hai. Kumpaka rangi ya mafuta nako si pambo, kwani kunaziba gamba na kuficha vidonda.

Sasa, kwa nini gamba linalainika? Mfupa unahitaji madini ya kalisi, na kalisi haiwezi kutumika vizuri mwilini bila vitamini D. Kobe huitengeneza vitamini hiyo ngozi yake ikipigwa na jua. Hapa ndipo dada alipokosea bila kujua: alimweka dirishani akiamini anapata jua. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi inayotengeneza vitamini D. Kobe alikuwa anaota joto tu.

Chakula nacho kilikuwa mkate, wali na tikiti maji. Vyote hivyo vina kalisi kidogo mno. Mwili ukikosa kalisi kwenye chakula, huikopa kwenye mifupa. Gamba huwa laini, miguu hukosa nguvu, na mwisho kobe hushindwa hata kujiinua. Kobe mchanga kabisa gamba lake huwa na ulaini kiasi, lakini aliyevuka mwaka mmoja akibonyea, huyo ni mgonjwa.

Vile vilima vya mgongoni vina habari nyingine. Kwa miaka mingi watu walisema vinatokana na chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Austria walichapisha matokeo ya kulea kobe wachanga wa jamii kubwa ya Afrika, na wakaona kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi kuliko protini. Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha, utasema. Ni kweli, lakini kobe huyu analala chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, na hakuwa na chombo cha maji. Vilima vikishaota havirudi chini. Matunzo mazuri yatafanya gamba jipya litokeze likiwa laini kwa umbo, ila alama za zamani atakufa nazo.

Kama kwako kuna kobe, mtazame leo. Gamba likibonyea, likiwa na doa linalonuka, linatoa majimaji au vigae vinabanduka na kuacha kidonda, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, si ya dawa ya kuungaunga. Usimpake mafuta ya kupikia. Usimpe vidonge vya kalisi vya binadamu kwa kukisia.

Mpe hasa majani: ukoka, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, dungusi kakati lililotolewa miiba. Mchicha usiwe chakula cha kila siku, kwa sababu una asidi inayoishika kalisi isitumike. Wali, mkate, ugali, nyama na maziwa viondoe kabisa. Ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome unaookotwa ufukweni ni kalisi tupu. Usafishe, umwekee autafune. Mtoe nje apate jua la moja kwa moja, lakini pawe na kivuli cha kukimbilia, maana kobe aliyefungiwa juani hufa kwa joto. Maji yawe kwenye sahani pana, yasiyozidi kidevu chake.

Na kwa upande wa familia: kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuonekana mgonjwa. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapomshika, beseni lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimchezee.

Nilipomweleza dada habari ya kioo, alinyamaza, kisha akamtazama mtoto wake mdogo aliyelala kwenye kochi. "Na huyu je? Naye hatoki." Swali lilikuwa zuri. Matege ya watoto na ulaini wa gamba la kobe mara nyingi ni ndugu: jua halitoshi, kalisi haitoshi. Jua la dirishani halimsaidii mtoto kama lile la uani.

Limebaki jambo gumu. Kobe huyu aliletwa na mtu kutoka bara, kama zawadi, na hana karatasi yoyote. Kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, huwezi kumfuga bila kibali. Kumwachia porini si suluhisho; mgonjwa hawezi kujitafutia, na anaweza kuwaambukiza wenzake. Nilimwambia dada akaulize ofisi ya wanyamapori, hata kama jibu litakuwa kumpoteza.

Amekwenda. Daktari wa mifugo amemwona kobe na kumwanzishia matibabu, na kila asubuhi anashushwa chini kwenye nyasi. Uamuzi wa kibali bado. Binti ameambiwa ukweli kwamba huenda rafiki yake akachukuliwa. Alilia, kisha akauliza kama huko atakakokwenda kuna jua.

Kobe akitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kabla ya kumpokea kama zawadi ya mtoto, jiulize nani atamlea mtoto huyo akishakuwa bibi.