Bia ya nyumbani huharibikia chupani

Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu Wamarekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kulipa ushuru. Uingereza ilikuwa imekwisha kufuta leseni ya kazi hiyo mwaka 1963. Leo wapikaji wa nchi hizo mbili hubishana juu ya kimea na hopsi mpaka usiku wa manane, lakini ikifika zamu ya kutia bia chupani huifanya jioni, wamechoka, alimradi iishe. Hapo ndipo bia nzuri inapoharibika.

Kosa la kwanza ni haraka. Hamira ikishamaliza sukari bado ina kazi: huifyonza daiasetili, kemikali inayoipa bia ladha ya siagi. Anayeitoa bia mapema huinywa na siagi yake. Tena sukari iliyosalia huendelea kuchachuka ndani ya chupa iliyozibwa, na chupa inaweza kulipuka na kurusha vigae vya kioo jikoni. Kinachotakiwa ni haidromita tu, na subira. Kipimo kisipobadilika kwa siku tatu mfululizo, bia iko tayari.

Halafu ije baridi. Pipa likikaa kwenye jokofu siku mbili tatu, kwenye nyuzijoto 2 hadi 4, hamira huzama yenyewe pamoja na protini na tanini zinazoshikana kwa ubaridi. Mpira wa kunyonyea ushikwe juu ya mashapo. Wengi huona uchungu kuacha nusu lita chini, na kwa uchoyo huo huitibua bia yote.

Wenye uzoefu huanza kusafisha wakati wa kuchemsha: dakika 15 kabla ya kuepua hutia mwani mwekundu uliokaushwa, wa pwani za Atlantiki. Ndani yake mna karajinani, inayozikusanya protini na kuzizamisha. Karajinani ndiyo pia inayovifanya viwanda vya ng’ambo vinunue mwani wa Paje na Jambiani, unaolimwa na kinamama wa Zanzibar. Waingereza nao kwa karne nyingi wamesafisha bia ya mapipa kwa mabondo ya samaki.

Hata hivyo bia inaweza kung’aa kama kioo na bado ikawa na ladha ya boksi lililolowa. Hiyo ni kazi ya oksijeni, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni adui mbaya kuliko ukungu wowote. Bia isimiminwe kutoka juu ikatoa povu. Mpira ufike kwenye kitako cha chupa, bia ipande polepole, juu ibaki nafasi ya sentimita 2 au 3. Ndiyo maana kununua chujio la kuondoa hamira yote si jambo la busara kwa mtu wa nyumbani: hamira kidogo iliyobaki hula oksijeni iliyoponyoka, na ndiyo inayotengeneza gesi.

Gesi hiyo huhitaji sukari, gramu 120 hivi kwa lita 20. Iyeyushwe kwenye maji yaliyochemshwa na itangulie kwenye ndoo ya kujazia, bia iifuate. Kupima kijiko kwa kila chupa huzaa chupa moja iliyokufa na nyingine inayofoka. Chupa ziwe za kahawia, kwa sababu mwanga huivunja hopsi na kuacha harufu mbaya, zikae wiki mbili kwenye nyuzijoto 20 hivi, kisha zisimamishwe kwenye baridi.

Si kila bia inadai usafi huu. Bia ya ngano ya Bavaria hunywewa na hamira yake, na anayeipika hana haja ya kuisafisha. Bia ya dhahabu ya Plzeň, iliyopikwa na Josef Groll kwa mara ya kwanza mwaka 1842, haina pa kuficha kasoro. Mwenye kuipika akakosa nafasi kwenye jokofu, afadhali aahirishe kutia chupani mpaka aipate.