Siri ya Mgonjwa Dirishani pa Mapokezi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Hata hivyo, mara nyingi siri ya mgonjwa haivuji kutoka kwenye faili, bali dirishani pa mapokezi. "Unaumwa nini?" huulizwa kwa sauti, na foleni nzima husikia jibu. Mwenye kuona haya hutaja homa badala ya ugonjwa wake, au hurudi nyumbani bila tiba.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, yawataja waganga miongoni mwa wenye wajibu wa kutunza siri za kazi. Twaamini wajibu huo humhusu pia karani wa mapokezi. Yamtosha kujua mgonjwa aelekezwe wapi. Mengine ni ya daktari. Sauti ya chini na mstari sakafuni unaoitenga foleni havigharimu fedha nyingi, na vituo vya Kanisa vingepaswa kutangulia.

Mgonjwa naye aweza kusema kwa upole: "Hilo nitamweleza daktari." Nasi tulio kwenye foleni, tuliyoyasikia tusiyafikishe jumuiyani.