Msawazo na Udongo Visomwe Pamoja

Watahiniwa wengi husoma msawazo wa kemikali mwezi mmoja na kemia ya udongo mwezi mwingine, kana kwamba havijuani. Kwa maoni yangu huko ni kujitesa bure, hasa wewe unayesoma Bukoba au Muleba, maana mada zote mbili ziko nyuma ya nyumba yenu.

Ukanda huu wa ziwa una mvua nyingi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo huchuja kalsiamu na magnesiamu na kuzizamisha chini, udongo ukabaki na asidi. Kibanja kimeokolewa na samadi, majivu na matandazo ya miaka mingi, ndiyo maana migomba na mibuni imestawi. Rweya, ambako nyasi hizo za matandazo hukatwa, imebaki maskini.

Sasa mtahiniwa ataandika kwamba rweya "ina alumini nyingi". Jibu hilo halitoshi. Alumini imo hata kwenye kibanja, kwa kuwa ni sehemu ya udongo wa mfinyanzi. Swali la maana ni kwamba iko katika umbo gani:

Al³⁺ + 3H₂O ⇌ Al(OH)₃ + 3H⁺

Kushoto ni ioni iliyoyeyuka, nayo hudumaza mizizi. Kulia, Al(OH)₃ ni kigumu kisichoyeyuka kirahisi, na mzizi hauna shida nacho. Chokaa au majivu huondoa H⁺, na kwa kanuni ya Le Chatelier msawazo husogea kulia. Alumini haikuhama shambani, imebadili umbo tu. (Ukichora mshale mmoja badala ya miwili, hoja yote hii imepotea.)

Itazame ile 3 iliyo mbele ya H⁺. pH ikipanda kutoka 4 hadi 5, H⁺ hupungua mara 10, lakini Al³⁺ iliyo katika msawazo na Al(OH)₃ hupungua mara 10 × 10 × 10, yaani mara 1,000! Usiikariri namba hiyo. Ikokotoe mwenyewe, kisha jaribu kutoka 4 hadi 6.

Chokaa nayo ina mtego wake. Ukichanganya chokaa iliyozimwa na mbolea ya salfeti ya amonia, msawazo mwingine husogea:

NH₄⁺ + OH⁻ ⇌ NH₃ + H₂O

Amonia ni gesi. Itapaa, na mzazi wako atakuwa amelipia naitrojeni ambayo mahindi hayakuionja.