SAHANI YA KARNE YA 16 IMEANDIKWA "MADE IN ITALY"? MASTAA, MNATUONAJE?

Leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Leo nina sahani.

Ile video wote tumeiona. Dada wa mjini, jina kapuni, anatutembeza kwake, anafika kwenye kabati la vyombo, anashusha pumzi: "Hizi ni za Italia, za mkono, karne ya 16." Sahani kumi na mbili, zinafanana kama mayai ya trei moja! Halafu akajisahau akaigeuza moja, na sisi wenye macho tukasoma mgongoni: MADE IN ITALY.

Jamani. Mfinyanzi wa Italia wa miaka ya 1500 alikuwa anamwandikia nani Kiingereza? Mambo ya kuandika jina la nchi kwenye bidhaa yalishika kasi baada ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1891. Hesabu mwenyewe.

Najua mtasema, "Muache dada wa watu, wivu tu huo." Sawa, mimi hajanikosea. Ila chini ya ile video aliweka duka. Na msomaji wangu mmoja, anauza chipsi, alivunja kibubu akanunua sahani mbili kwa laki nne, zawadi ya mama yake. Akanitumia picha. Nikamwambia asogeze kamera ya simu karibu kabisa. Tukaona nini? Vidoti vidoti, kama picha ya gazeti. Mchoro umechapwa na mashine. Alipouliza dukani, wakamblock. Hapo ndipo nilipokasirika.

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini bando ninalo na kusoma najua. Vyombo vyenyewe vya kweli vinaitwa maiolika. Miji kama Faenza, Deruta na Urbino ilipata sifa kwa kazi hiyo. Fundi anafinyanga udongo, anauchoma, halafu anauchovya kwenye maji mazito meupe yenye bati na risasi. Kabla hayajachomwa anachora juu yake kwa brashi. Ule weupe mkavu unanyonya rangi papo hapo, ukikosea hufuti! Bluu inatoka kwenye kobalti, kijani kwenye shaba. Kisha inarudi tanuriniii, na hapo moto ndio unaamua. Mtu mmoja, Cipriano Piccolpasso, aliandika kitabu kizima kuhusu kazi hii miaka ya 1550. Kazi ngumu, ndiyo maana za kweli za wakati ule nyingi utazikuta makumbusho, kama lile la Faenza lililoanzishwa 1908.

Kwa hiyo mkono wa mtu haufanani mara kumi na mbili. Mstari utanenepa hapa, utakonda pale. Na ule udongo ni laini, ukingo wa sahani ya zamani mara nyingi umemeguka, unaona udongo chini ya weupe. Zako dada zinang'aa kama zimetoka boksini jana. Kwa sababu zimetoka boksini jana!

Na kumbe hata mpya si aibu. Deruta mpaka leo kuna mafundi wanaochora kwa mkono. Ungesema "nimenunua mpya, nimeipenda," tungekupigia makofi. Kilichokuponza ni kutaka tuone una kitu cha miaka mia tano.

Sasa sikia la hatari, maana hapa siyo utani tena. Kwenye video hiyo hiyo alimpakulia mwanawe pilau na kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Nimeshasema yale maji meupe ya zamani yana risasi. Ndimu, siki na nyanya zinaweza kuitoa ile risasi ikaingia kwenye chakula, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sahani kongwe hutundikwa ukutani, hailiwi!

Kwa hiyo dada, chagua moja. Kama ni za karne ya 16 kweli, unamlisha mtoto sumu mbele ya kamera. Kama ni salama kulia, basi ni za juzi, na yule muuza chipsi mrudishie laki nne zake. Hakuna njia ya tatu.

Na nyie mnaotaka kununua: geuza mgongo, soma maandishi, vuta kamera, linganisha mbili. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya nyuma, kimbia.

Laki nne ni viazi vingi sana vya kumenya wadau. Nimemaliza. Mwenye kubisha atupie maoni hapo chini, ila aje na picha ya mgongo wa sahani!