Mbau Hausimami Peke Yake

Makala saba zilipangwa kwa ajili ya toleo hili, zote zikisifu wingi wa viumbe wa Ituri, na tano kati yake hazina uyoga hata mmoja. Hapo ndipo kisirani changu kilipoanzia. Miti tunaihesabu, kima tunawahesabu, okapi tumempiga picha mpaka naona haya. Kuvu tumewaachia akina mama wa sokoni, ambao kwa bahati wanawajua kuliko sisi.

Waandishi wetu wawili wanabishana kuhusu mti wa mbau. Mmoja anasema kinachoufanya utawale msitu peke yake ni udongo. Mwenzake anasema ni muda, karne nyingi bila moto wala shoka. Wote wanakumbusha yanayojulikana tangu kazi za watafiti akina Hart pale Epulu, humu Ituri: mbegu nzito hudondoka karibu na mama yake, mche huvumilia kivuli, na majani makubwa huoza polepole mpaka miche midogo ya miti mingine ikakosa pa kupenya. Udongo haujawahi kushinda katika vipimo vya Ituri, kwa hiyo kura yangu iko kwa wa pili. Ila wote wamesimama juu ya jambo bila kuinama kulitazama.

Ng'oa mche wa mbau taratibu, suuza mizizi kwenye kijito, kisha uishike chini ya lenzi. Ncha utazikuta fupi, nene, zimevikwa ala kama kisu. Ala hiyo ni kuvu. Yeye ndiye anayetangulia kwenye majani yanayooza kutafuta chakula, naye mti humlipa sukari. Najua nitajibiwa kwa utafiti wa Torti na Coley wa 1999, uliofanyika humu humu Ituri: ipo miti mingine yenye kuvu wa ala, na bado haitawali msitu. Sawa. Basi ni kuvu gani, kwenye mizizi ya nani, na mche mchanga humpata kutoka kwa nani? Tangu 1994 viwanja vya utafiti vya Lenda na Edoro, humu Ituri, hekta 40 kwa jumla, vimepimwa mti kwa mti, hata yenye unene wa sentimita moja. Kuvu hawajawahi kufanyiwa sensa ya namna hiyo, na wabishani wangu hawaoni kuwa kuna pengo.

Msahihishaji wetu amenung'unika kwamba naandika "kuvu yule" badala ya "kuvu ile". Makusudi. Tangu 1993 ushahidi wa molekuli umewaweka kuvu karibu na wanyama kuliko na mimea, na hata kanuni za kimataifa za majina zilikubali, kule Melbourne mwaka 2011, kutaja mwani, kuvu na mimea kila mmoja kwa jina lake. Lugha yetu ina ngeli ya kulisemea hilo bila maelezo marefu, kwa nini tuibanie? Uyoga nimeuacha na ngeli yake. Ule ni tunda tu.

Makala ninayoipenda ni ya mchwa wanaolima uyoga, kilimo kilichoanza katika misitu ya Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, na ambacho hakuna ukoo wa mchwa hao uliokiacha. Ya mwani wa Ziwa Albert ni fupi na safi. Ya kura ya Madrid ya Julai 2024, iliyogeuza *caffra* kuwa *affra* katika majina ya kisayansi, nimeiweka mwisho. Wasomaji watagombana nayo bila msaada wangu.

Nitaambiwa barabara ya Mambasa, ya kwenda msituni, haipitiki kila siku. Kweli, lakini mvua ikinyesha uyoga huota hata nyuma ya nyumba zenu hapa Bunia. Anayetaka nafasi katika toleo lijalo akate kofia ya uyoga, ailaze juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, aifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Atuletee karatasi hiyo na vumbi lililodondoka. Rangi na harufu aviandike siku hiyo hiyo, kabla mtu wa jikoni hajauona uyoga.