Ukoo wa Bruce na Mawe ya Watu

Karibu na mji wa Dunfermline, katika jimbo la Fife huko Uskoti, ipo nyumba ya kale iitwayo Broomhall, na ndani yake umehifadhiwa upanga ambao wenyewe husimulia kuwa ulikuwa wa Mfalme Robert Bruce. Na mwenye nyumba hiyo, arithiye cheo cha Earl wa Elgin, ndiye ahesabiwaye mkuu wa ukoo wote wa Bruce popote walipotapakaa duniani. Mtu kuwataja wazee wake kwa fakhari si aibu, na sisi wa Mwambao, ambao aghalabu hatusemi kuwa twamjua mgeni mpaka tumemuuliza nasaba yake, hatuna haki ya kumlaumu kwa hilo. Lakini silsila ina sharti lake, nalo ni kusomwa yote. Na mimi nadai kwamba ukoo huu, ambao uliionja dhuluma ya kunyang'anywa kabla ya watu wake kuwanyang'anya wengine, una deni ambalo upanga ule hautoshi kulifunika.

Asili yao si Uskoti. Walitoka Normandy, katika nchi ya Ufaransa, na mnamo mwaka 1124 Mfalme David wa Uskoti alimpa Robert de Brus milki ya Annandale, kusini mpakani. Mwaka 1296 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliivamia Uskoti, akalichukua kutoka Scone lile jiwe ambalo wafalme wa nchi hiyo walikuwa wakitawazwa juu yake tangu zamani, akalipeleka London na kulitengenezea kiti cha enzi katika kanisa la Westminster. Robert Bruce yule mashuhuri, aliyezaliwa mwaka 1274, alimwua mshindani wake John Comyn ndani ya kanisa la Dumfries mwezi Februari 1306, naye Papa akamtenga na kanisa kwa dhambi hiyo. Na haikutimia miezi miwili akatawazwa pale pale Scone, pasipo jiwe, kwa kuwa jiwe lilikuwa mikononi mwa adui. Tarehe 23 na 24 Juni 1314, huko Bannockburn, alilivunja jeshi la Waingereza lililokuwa kubwa kuliko lake. Mwaka 1320 wakuu wa Uskoti walimwandikia Papa waraka kutoka Arbroath, wakamwarifu kwamba hawapiganii utukufu wala mali bali uhuru wao, na kwamba hata huyo Robert wangemwondoa endapo angewatia chini ya Waingereza. Amani ilipopatikana mwaka 1328 iliamriwa jiwe lirudishwe, wala halikurudishwa. Mwaka uliofuata mfalme alifariki; moyo wake ulichukuliwa na James Douglas kwa nia ya kuufikisha Baitul Mukaddas, lakini Douglas akauawa Andalusia, vitani na Waislamu wa Granada, na moyo ukarejeshwa kuzikwa Melrose.

Tawi jingine lilimzaa James Bruce wa Kinnaird, na huyo ndiye nimstahiye kuliko wengi wa jamaa zake, kwa sababu alijifunza Kiarabu na lugha za Uhabeshi kabla ya kudai kuwa anaijua nchi ya watu. Alifika Gondar mwaka 1770, na mwezi Novemba akasimama kwenye chemchemi za Gish, kunakoanzia Nili ya Buluu, mahali ambapo Wahabeshi walikuwa wakipatukuza tangu dahari na ambapo padri Pedro Páez alipaona mwaka 1618, ingawa Bruce hakupenda kulikubali hilo. Alirudi na nakala za Kitabu cha Henoko katika lugha ya Gi'izi, na aliposimulia safari zake wasomi wa London walimwita mwongo.

Sasa tuje kwa akina Elgin wenyewe. Thomas Bruce, Earl wa saba, alikuwa balozi wa Uingereza mjini Istambuli kuanzia mwaka 1799, wakati ambapo Uyunani ilikuwa chini ya dola ya Uthmani, na dola hiyo ilikuwa na shukrani kwa Waingereza kwa kuwatoa Wafaransa katika Misri. Kwa hisani hiyo alipewa waraka wa ruhusa, ambao leo imebaki tafsiri yake ya Kiitaliano tu, nao haukusema kwa uwazi kwamba mtu aweza kupanda juu ya hekalu la Parthenon, akate kwa msumeno na kuteremsha sanamu zilizokaa humo zaidi ya miaka elfu mbili. Hilo ndilo walilolifanya watu wake, chini ya mchoraji Lusieri. Jahazi moja, Mentor, lilizama karibu na kisiwa cha Kythera mwaka 1802 likiwa na shehena ya mawe hayo, na wapiga mbizi wa sifongo wakatumia takriban miaka miwili kuyatoa baharini. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilimlipa pauni 35,000, chini ya nusu ya gharama alizodai, naye akafa Paris mwaka 1841 akiwa na madeni. Katika jengo jingine la Akropoli, Erechtheion, zilikuwapo sanamu sita za wanawake waliobeba dari kichwani. Moja ilipelekwa London, na Athens zimebaki tano.

Mwanawe, James, Earl wa nane, alikuwa na mawili ndani yake. Akiwa gavana wa Kanada alitia sahihi mwaka 1849 sheria ya kuwalipa fidia walioharibiwa mali zao katika uasi, na wazungu wenzake wa Montreal wakampiga mawe na kulichoma jengo la Bunge. Hakurudi nyuma, na ushujaa huo tuuseme. Lakini mwezi Oktoba 1860, katika vita na China, baada ya mateka wa Kiingereza na Kifaransa kuteswa na baadhi yao kufa mikononi mwa Wachina, aliamuru majumba ya wafalme huko Yuanmingyuan, kando ya Beijing, yatiwe moto. Jemadari wa Kifaransa alikataa kushiriki uchomaji. Askari wapatao 3,500 waliifanya kazi hiyo, na makumi ya majumba, maktaba na mahekalu yakawa majivu. Victor Hugo, alipoandika mwaka 1861 kuulaani uharibifu huo, hakusahau kuwakumbusha wasomaji kwamba jina la Elgin lilikuwa limekwisha kutajwa Parthenon.

Mjukuu ndiye atuhusuye sisi. Victor Bruce, Earl wa tisa, alizaliwa Montreal katika mwezi uliofuata fujo zile alimopigwa mawe baba yake, akaitawala India kuanzia 1894 hadi 1899, miaka ya njaa na tauni, kisha akawa waziri wa makoloni kuanzia mwisho wa 1905. Walowezi wa Kenya, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wakidai nyanda za juu ziwe zao peke yao. Wamasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Waliobaki kuzuiwa, kwa hofu ya walowezi, walikuwa Wahindi. Mnamo Machi 1908 Elgin alimwandikia Gavana Sadler kwamba sheria haitawabagua Wahindi, lakini kwa ajili ya wepesi wa utawala wasipewe ardhi katika nyanda hizo. Maneno hayo ya upole yakageuka ahadi, wakayashika walowezi kila walipobishaniwa, hata mwaka 1939 mipaka ya nyanda za wazungu ikatiwa katika amri ya mfalme. Mwafrika hakutajwa, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa miongoni mwa wenye kuomba, naye ndiye aliyekuwa mwenye ardhi.

Tarehe 30 Novemba 1996 jiwe la Scone lilipokelewa kwa heshima Edinburgh, miaka 700 tangu lichukuliwe. Hakuna aliyewaambia Waskoti kwamba London imelitunza vizuri zaidi, au kwamba wageni wengi zaidi huliona kule, au kwamba aliyelichukua alikuwa na waraka. Na hoja hizo hizo ndizo wanazojibiwa Wayunani mpaka leo wanapozidai sanamu za Parthenon. Sheria ya mwaka 1963 huizuia Makumbusho ya Uingereza, ziliko sanamu hizo, kutoa vitu vyake, lakini sheria iliyotungwa na Bunge huweza kubadilishwa na Bunge. Mkuu wa ukoo wa Bruce hana mamlaka juu ya sanamu zile, ila ana sauti ambayo hakuna mwingine aliye nayo, na namsihi aitumie kuzidai zirudi Athens.

Nasi tuna la kufanya lisilohitaji ruhusa ya mtu. Ule waraka wa 1908 uingizwe katika vitabu vya taarikhi vya shule za Kenya, mwanzo hadi mwisho na jina la mwandishi wake, na ukurasa wa pili yake uwekwe waraka wa Arbroath wa 1320, ili watoto wa Nakuru na Laikipia wazisome barua mbili zinazohusu nyumba moja na kuzipima wenyewe.